Mkanda Wenye Meno Machache

Mtu akitaja Ujiji, wengi hukumbuka jinsi Livingstone na Stanley walivyokutana pale mwaka 1871. Akitaja Kigoma, hukumbuka reli iliyofika ziwani mwaka 1914, au meli ya Liemba, ambayo iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli, kisha ikashushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915. Hizo ni habari kubwa, nasi twajivunia kuwa nazo. Lakini mimi naomba ruhusa ya wasomaji niandike habari ndogo. Liemba ni ya chuma, na vyombo vingi vya wavuvi wetu ni vya mbao. Mbao hazioti shambani zikiwa mbao. Lazima gogo lipasuliwe, na mwenye kulipasua lazima kwanza achague meno ya msumeno wake. Nimeona kwa macho yangu kwamba uchaguzi huo waweza kumpa mtu chombo au kumnyima.

Kwanza nieleze tofauti ya kukata na kupasua, maana wako wanafunzi wenzangu wanaodhani ni kazi moja. Mti umefanyika kwa nyuzi nyingi nyembamba zilizosimama pamoja kama mabua yaliyofungwa mzigo. Kukata ni kupita katikati ya nyuzi hizo, kama mtu akatavyo mua. Kupasua ni kufuata urefu wa nyuzi toka ncha hata ncha. Kwa hiyo meno ya msumeno wa kukatia hunolewa yawe kama visu vidogo, na meno ya msumeno wa kupasulia hunolewa yawe kama patasi, moja nyuma ya jingine. Ukipasua kwa msumeno wa kukatia utatoka jasho bure, nao msumeno utapata moto.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mpasua mbao. Katika siku zake gogo liliwekwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu ya gogo, na mwenziwe akaingia chini. Wa juu alishika mpini wa juu na kuufuata mstari. Wa chini alivuta. Msumeno wao ulikuwa mrefu kuliko mtu, na meno yake yalitazama chini yote, maana ulipasua ukishuka tu. Ulipopanda haukufanya kazi yo yote ila kurudi mahali pake. Mtu alipomwambia babu kwamba msumeno hukata mbele na nyuma, alicheka akasema, "Huo si wa kupasulia." Yule wa chini alikula vumbi la mbao mchana kutwa. Babu alisema kwamba kila chembe ya vumbi hilo ilikuwa mbao ambayo hakuna atakayeinunua. Maneno hayo nilikuja kuyafahamu vizuri baadaye.

Mjomba wangu ni mvuvi wa dagaa katika mwambao wa Ujiji. Wavuvi wa dagaa huenda ziwani usiku wa giza, wakiwa na taa, maana dagaa hufuata mwanga. Mbalamwezi ikiwa kubwa hupumzika. Mtumbwi wake si wa gogo moja lililochongwa kama ya zamani, bali umeungwa kwa mbao. Mtumbwi huo ndio unaolisha nyumba mbili, yake na ya mama yangu, kwa sababu baba yangu alifariki nilipokuwa darasa la tatu. Ni kweli kwamba ada ilifutwa katika shule za serikali tangu mwaka 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini mwanafunzi wa bweni ahitaji godoro, sare, viatu, madaftari, sabuni na nauli. Vyangu vyote hivyo hutoka ziwani.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Mjomba akaona huo ndio wakati wa kuutengeneza mtumbwi. Fundi wa mitumbwi aliupindua, akagonga kila ubao kwa nyundo na kusikiliza, akasema kwamba mbao 10 za chini zimeoza. Alitaka mbao mpya 10, kila moja yenye unene wa milimita 25 na upana wa sentimita 25. Zikipungua 10 hataufunga mtumbwi, maana mtumbwi wenye ubao mmoja uliooza ni sawa na wenye kumi.

Mjomba alikuwa na fedha za gogo moja tu. Alilipata upande wa Uvinza, gogo la mninga lililokwisha kuchongwa pande nne, lenye kibali na stakabadhi zake. Unene wake ulikuwa sentimita 30 na upana wake sentimita 25. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo ya mwezi wa Juni. Gogo lililala uani kwetu, jekundu kidogo na lenye harufu nzuri, nasi tulilizunguka kama watu wanaomtazama ng'ombe aliyenunuliwa kwa akiba yote.

Siku ya pili walikuja vijana wawili wenye msumeno wa mnyororo, ule unaokwenda kwa petroli. Walisema watalipasua gogo palepale uani kwa nusu siku, tena kwa bei nafuu kuliko karakana. Mjomba alivutwa na bei. Ndipo nikachukua penseli, nikaona neno la babu linageuka kuwa hesabu.

Mnyororo wa msumeno ule hula njia ya milimita 10 hivi kila unapopita. Mbao 8 zina unene wa milimita 200, na kuzitenganisha kwahitaji njia 7, yaani milimita 70. Jumla ni 270. Katika gogo la milimita 300 zabaki 30, na ukitoa njia nyingine moja wapata ubao wa milimita 20, nao haufai. Kwa hiyo gogo lile lingetoa mbao 8 tu. Msumeno wa duara, ule wenye sahani, hula milimita 5 hivi. Mbao 10 ni milimita 250, na njia 9 ni 45; jumla 295. Zapatikana 10 kamili, bila hata moja ya akiba. Tena sahani huchomoza juu ya meza kwa sehemu tu isiyofika nusu, kwa hiyo ili kupasua upana wa sentimita 25 yatakiwa sahani inayopita sentimita 50. Si kila karakana inayo. Msumeno wa mkanda waweza kula milimita 2 tu. Mbao 11 ni milimita 275, na njia 10 ni 20. Jumla ni 295 vilevile, ila mbao ni 11.

Nilimwonyesha mjomba karatasi. Aliitazama kwa muda, akasema, "Yaani wale vijana wangenirudishia mbao 3 katika gunia la vumbi?" Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba." Akawaaga kwa upole. Kesho yake tukalipakia gogo juu ya mkokoteni, tukaenda karakana moja mjini Kigoma.

Kwa wale ambao hawajauona, msumeno wa mkanda ni mashine yenye magurudumu mawili makubwa, moja juu na jingine chini. Mkanda wa chuma usio na mwanzo wala mwisho umeyazunguka yote mawili, nao una meno upande mmoja. Magurudumu yakizunguka, mkanda hushuka kupita katika meza, na hapo ndipo mbao hupasuliwa. Niliuona nikamkumbuka babu: nao hupasua ukishuka tu. Tofauti ni kwamba huu haurudi mikono mitupu, maana kila wakati yako meno yanayoshuka. Kwa kuwa unashuka, huikandamiza mbao mezani, haiirushi.

Mashine hii ilifikiriwa zamani. Mwingereza William Newberry alipewa hataza yake mwaka 1809. Lakini haikufaa kitu kwa miaka mingi, kwa sababu mkanda ulikatika mahali ulipoungwa. Mwaka 1846 mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, alipata hataza ya namna ya kuunga ncha mbili za mkanda zishikamane. Ndipo mashine ikaanza kuwa mashine. Yaani magurudumu yalikuwako miaka 37 yakingoja mkanda mwema.

Fundi wa karakana alikuwa mzee mwenye miwani na kalamu sikioni. Nilimwamkia, "Shikamoo, fundi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, gogo zuri hilo." Alipima upana wake kwa futi, kisha akatuonyesha mikanda mitatu iliyoning'inia ukutani. Wa kwanza ulikuwa mwembamba, upana wa milimita 10. Wa pili ulikuwa na upana wa milimita 25, na meno 6 katika kila inchi. Wa tatu ulikuwa na upana wa milimita 32, nao ulikuwa na meno 2 tu katika inchi, makubwa, yaliyoinama mbele kama kucha za mwewe.

Mjomba aliushika ule wa pili, akasema, "Fundi, nadhani huu ndio. Ule wa tatu una mapengo kama mdomo wa mzee."

Fundi akacheka. "Bwana mvuvi, ukivua dagaa wengi kuliko ndoo zako, wawaweka wapi?"

"Nitapata taabu," mjomba akajibu.

"Basi na jino ni hivyo hivyo. Jino huvua vumbi. Mapengo hayo ndiyo ndoo zake."

Kisha alitueleza kwa makini, na mimi naandika kama nilivyofahamu. Jino likiingia katika mbao huchonga vumbi, na vumbi hilo haliwezi kutoka mpaka jino lifike chini. Katika ubao mwembamba safari hiyo ni fupi. Katika gogo la sentimita 25, yaani inchi 10 hivi, ni safari ndefu. Mkanda wenye meno 6 kwa inchi una meno 60 ndani ya mbao kwa wakati mmoja, na nafasi kati yake ni ndogo. Zikijaa kabla ya kufika chini, meno huacha kuuma, yakateleza juu ya vumbi. Mkanda hupata moto, hupinda ndani ya mbao, na ubao hutoka una tumbo katikati. Mkanda wenye meno 2 kwa inchi una meno 20 tu ndani, na kila jino lina nafasi kubwa. Tena nguvu ileile ya kusukuma ikigawanywa kwa meno 20 badala ya 60, kila jino huuma zaidi. Hapo nilikumbuka somo la kanieneo katika fizikia, nikafurahi kuliona likifanya kazi.

Nikamwuliza habari ya upana. Alisema mkanda mwembamba ni wa kufuata mikunjo, kama miguu ya viti na migongo ya makochi. Wapinda kwa urahisi, na hiyo ndiyo kazi yake. Mkanda mpana haupendi kupinda, kwa hiyo hushika njia iliyonyoka. Lakini mkanda ukiwa mpana mno, mashine ndogo haiwezi kuukaza sawasawa, na mkanda mpana usiokazwa hauna faida. Unene nao una mpaka wake. Mkanda hupinda juu ya gurudumu na kunyoka tena mara nyingi mno katika dakika moja, na chuma kinene kikipindwa hivyo hupata ufa. Kanuni ya mafundi ni kwamba unene wa mkanda usizidi sehemu moja katika elfu ya kipenyo cha gurudumu. Magurudumu yake yalikuwa ya sentimita 70, basi mkanda wake ulikuwa wa milimita 0.7. Meno hupindwa kidogo, moja kulia na moja kushoto, ili njia iwe pana kidogo kuliko chuma kisije kikakwama. Gogo likiwa bichi meno hupanuliwa zaidi. Likiwa kavu, kidogo.

Aliniuliza kama naweza kukadiria urefu wa mkanda bila kuushusha. Nilipima toka katikati ya gurudumu la juu hata katikati ya gurudumu la chini, nikapata sentimita 150. Nusu ya mzingo wa gurudumu moja na nusu ya mzingo wa jingine ni mzingo mmoja mzima: 22 kwa 7 mara 70, ni 220. Nikaongeza pande mbili zilizonyoka, 300. Jumla sentimita 520. Fundi akafungua daftari lake, akanionyesha 520. Mjomba hakusema neno, ila alisimama wima kidogo zaidi.

Mwisho nilimwuliza kuhusu mikanda yenye ncha za kabaidi, maana nilisoma kwamba hukaa na makali muda mrefu sana. Alikubali kwamba ni kweli, na kwamba ni mizuri hasa kwa mvule, kwa sababu ndani ya mvule mara nyingine huwamo mawe meupe yanayoua makali ya chuma cha kawaida kwa dakika moja. Lakini ncha hizo hazinoleki kwa tupa, zataka jiwe la almasi. Mkanda wa chuma cha kawaida huweza kunolewa kwa tupa palepale karakana, na ukikatika huungwa tena. "Mimi huchagua mkanda ninaoweza kuutunza hapa nilipo," alisema. Mninga si mgumu sana, basi chuma cha kawaida kilitosha.

Kabla ya kuligusa gogo letu aliupitisha mkanda katika kipande cha mbao duni. Alichora mstari, akaufuata kwa mkono, akatazama mbao imelala kwa pembe gani, kisha akaufunga ubao wa kuongozea kwa pembe hiyohiyo. Alisema kila mkanda una tabia ya kuvuta upande wake, na afadhali uijue mapema kuliko kugombana nayo. Akashusha kishikizo cha mkanda mpaka karibu na mgongo wa gogo, tukajifunga vitambaa puani, maana vumbi la mninga hukera kifua, tukaanza.

Hakusukuma kwa haraka. Alisikiliza. Sauti ilipokuwa nzito alipunguza mkono. Ilipokuwa nyepesi aliongeza. Mwisho wa kila ubao alisukuma kwa kipande cha mti, wala hakukaribisha vidole vyake. Kazi ilichukua toka asubuhi hata karibu na adhuhuri. Zilitoka mbao 11. Tulizipanga ukutani, fundi akazipitia moja moja. Ubao wa saba ulikuwa na fundo lenye ufa, akautia alama ya msalaba. Zikabaki 10.

Mjomba alizihesabu mara mbili. Kisha aliniambia niandike hesabu ile ya kwanza katika daftari lake la uvuvi, ili siku nyingine aikumbuke.

Mwezi wa Agosti nilikuwa nimekwisha rudi shuleni. Siku ya kutembelewa mama alikuja na dagaa wakavu na habari kwamba mtumbwi umeingia majini baada ya ziwa kufunguliwa, na kwamba hauvuji. Aliniletea pia viatu.

Nimefikiri sana kuhusu milimita zile tangu siku hiyo. Mninga hukua polepole, na mti wa kutoa gogo kama lile waweza kuchukua miaka 80 na zaidi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kwa mwenye kuvuna, na ni vema, lakini kibali hakizuii mti uliokwisha kuanguka usigeuzwe vumbi. Hilo ni juu ya mwenye msumeno. Katika gogo moja, tofauti ya njia ya mnyororo na njia ya mkanda ilikuwa milimita 70 kwa 20. Katika magogo manne hiyo ni mbao 12 zaidi, zaidi ya jumla ya gogo zima, yaani mti mmoja ungeachwa usimame porini.

Baadhi yetu mwakani tutakuwa kidato cha tano, na baadhi tutakwenda vyuo vya ufundi. Atakayeingia karakana na kuoneshwa mikanda ukutani asitazame kwanza upi una meno mengi au unang'aa. Na aulize: Napasua au nakata? Mbao ina kina gani, na vumbi litapata nafasi wapi? Njia yangu inyoke au ipinde? Mashine yangu yaweza kuukaza upana gani? Na makali yakiisha, nani hapa mjini ataweza kuyarudisha? Akiisha kujibu hayo, ndipo aulize bei.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Nne